Mama Lucky na Kodi ya F

Siku Nesta Sinkala alipotimiza miaka hamsini na mitatu, alivuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kununua zipu na vifungo, akarudi na gitaa. Zipu alizisahau dukani. Alikuwa anangoja chenji, akainua macho, akaliona limening'inia kwenye msumari kati ya mabegi ya shule na masufuria, lina rangi ya asali, na alipougusa uzi mmoja likaguna kama mtu anayekubaliana naye. Basi, ikawa imekwisha. Alilifunga kwa kitenge, akalibeba mgongoni kama mtoto mchanga, na njia nzima wanawake waliopishana naye walinyoosha shingo kuchungulia uso wa mtoto.

Hakumweleza mtu sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa ya kitoto. Alipokuwa msichana kule Momba, kaka yake Yonasi alitengeneza gitaa la kopo la mafuta na nyaya za breki za baiskeli, na kila Nesta aliposogea alifukuzwa. "Hili si la wasichana," Yonasi alisema. Yonasi mwenyewe hakujifunza kitu, na kopo liliishia kuwa chombo cha kunyweshea kuku maji. Lakini Nesta alibaki na ile hamu. Aliolewa nayo, akazaa nayo watoto watatu, akafiwa na mume nayo. Sasa Lucky, ambaye kwa jina lake mtaa mzima ulimwita Mama Lucky, alikuwa Mbeya. Violet alikuwa na kazi ya ofisini Vwawa. Wa mwisho alikuwa Dodoma. Katika nyumba ya Chapwa, kando ya barabara kuu iendayo mpakani, alibaki yeye na vyerehani vyake viwili.

Alikuwa fundi wa kutegemewa. Sare za kwaya nne za Tunduma zilikuwa za mkono wake. "Nyuzi nimezijua kabla sijawajua wanaume," aliwaambia wateja waliocheka walipoliona gitaa limeegemea meza ya kukatia. "Hizi sita zitanishinda?"

Zilimshinda. Wiki ya kwanza alijifunza kwa simu, kwa kijana mmoja aliyeongea Kiingereza cha haraka kama anakimbizwa, na kila kijana alipofika mahali pa kuonyesha vidole, bando lilikata. Nesta akaamua kutumia akili yake. Kitu kikilegea, kinakazwa. Akakaza ule uzi mwembamba kuliko wote, akakaza, akakaza tena kidogo, ukakatika ukamchapa shavuni. Hakulia. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa uzi mnene wa kushonea jinzi, akafunga fundo la kifundi, akaurudisha pale. Ulitoa sauti ya mtu anayekuna goti.

Jirani yake, Mzee Zebedayo Siwale, mzee wa kanisa na mfugaji wa kuku wa mayai, alikuja siku ya tatu akiwa na spana mkononi.

"Mama Lucky, pampu yako ya maji inakufa," alisema. "Nimeisikia tangu asubuhi."

"Sina pampu, Mzee Zebedayo. Ni gitaa."

Zebedayo alilitazama gitaa, akamtazama Nesta, akairudisha spana mfukoni taratibu. Wiki iliyofuata alikuja bila spana, kueleza kwa upole kwamba kuku wake walikuwa wamepunguza kutaga.

*

Mwezi wa tatu foleni ya malori ilirudi nyuma kutoka mpakani, ikapita Chapwa, ikaelekea Mpemba. Watu wa Tunduma wameizoea foleni kama walivyouzoea upepo na vumbi. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalisimama mbele ya uzio wa Nesta, pua kwa mkia, na madereva wakatundika nguo zao kwenye vioo, wakawasha majiko chini ya matela.

Alasiri ya pili Nesta alikuwa barazani akipiga. Honi ikalia barabarani. Akaacha, akatazama, hakuna kilichosogea. Akapiga tena. Honi. Akapiga mara ya tatu polepole, macho ameyakaza kwenye foleni, akauona mkono wa mzee mmoja ukishuka juu ya usukani wa lori jekundu. Nesta alitoka getini ameshika gitaa kwa shingo kama anayeshika mchi.

"Wewe baba! Nimekukosea nini?"

Dereva akavua kofia. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mvi kichwa kizima, miwani imeungwa kwa waya. "Mulishani, bamayo," akamwamkia kwa Kibemba, yaani hujambo mama, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake cha barabarani. "Samahani sana. Ni uzi wa tano. Umekaa chini. Siku mbili umekaa chini. Mimi nataka kulala, ule uzi unaniita."

"Na huu mwembamba je?" Nesta aliuliza, hasira ikiwa bado imempanda.

Mzee akauangalia ule uzi wa jinzi.

"Huu," akasema, "ni wa kuombea."

Jina lake lilikuwa Watson Mulenga, mtu wa Mufulira. Kabla ya kushika usukani alikuwa amepiga gitaa miaka kumi na mmoja katika bendi ya wachimba madini. Akaliomba lile gitaa, akaketi kwenye ngazi ya lori, akazilinganisha nyuzi tano kwa kuzisikiliza moja baada ya nyingine, sikio karibu na ubao, kisha akapiga. Nesta alilisikia gitaa lake likizungumza kwa mara ya kwanza, na akaona wivu, kama mama ambaye mtoto humnunia yeye nyumbani halafu huwachangamkia wageni.

"Nifundishe," akasema.

"Bamayo, mimi niko kwenye foleni. Nitakwenda wapi?"

Wakapatana palepale. Nesta angemshonea vitambaa vya viti vya lori, vilivyokuwa vimechanika mpaka sponji ikatoka nje, na Watson angemfundisha mpaka foleni isogee.

Nesta alidhani atafundishwa wimbo. Alifundishwa kukaa. Mgongo hivi, bega hivi, kidole gumba nyuma ya shingo ya gitaa. Baadaye akafundishwa namna ya kukusanya vidole vitatu kwenye nyuzi vikabana kwa pamoja, mkusanyiko ambao wapiga gitaa huuita kodi, na kodi ya kwanza ilikuwa C. Ilimchukua saa nzima. Watson hakukaripia. Alisema neno moja tu la kwao, "Awe," yaani hapana, na alilisema kwa upole uleule mara ya kwanza na mara ya sitini, jambo lililomuumiza Nesta kuliko kelele. Siku ya pili alimsikia Nesta akilalamikia mshono uliopinda kwenye kitambaa cha kiti, "Hii nafumua, naanza upya," akalipenda neno. Kuanzia hapo vidole vya Nesta vikienda kombo Watson alisema, "Bamayo, fumua." Miaka thelathini Nesta alikuwa amewaambia hivyo wasichana waliojifunza ushonaji kwake. Hakuwahi kujua lina uchungu kiasi kile.

Tatizo lilikuwa kwamba foleni ilisogea. Katikati ya somo injini zingenguruma, Watson angepanda mbio, lori lingeenda mita kumi na tano, na Nesta angebeba kigoda na gitaa kulifuata. Siku ya kwanza walikuwa mbele ya geti lake. Siku ya tatu walikuwa mbele ya mabanda ya kuku ya Zebedayo. Siku ya nne walifika karibu na kituo cha mafuta, na mama wa miaka hamsini na mitatu aliyefunga kitenge kiunoni, kigoda kwapani na gitaa begani, akitembea kando ya malori saa tatu asubuhi, alikuwa amekuwa habari ya foleni nzima. Madereva walimwita Mama Gitaa. Mkongo mmoja wa Lubumbashi aliteremka kumwambia kidole gumba kimekosea. Dereva wa Mwanza alimshauri aimbe kwa nguvu ili gitaa lisisikike. Kufikia jioni kila mwenye leseni alikuwa mwalimu, na Watson alilazimika kusimama juu ya ngazi ya lori kuwafukuza.

Alipovuka mpaka alimwachia Nesta kodi mbili, C na G, na kazi ya kuhama kutoka moja hadi nyingine mara mia mbili kila siku. "Panono panono, bamayo," alisema. Kidogo kidogo. "Nikirudi nakuletea uzi."

*

Alirudi baada ya wiki tatu na uzi kweli, na lori lake likakaa kwenye foleni siku tatu. Mwezi uliofuata likakaa tano. Nesta alianza kuuelewa mji wake kinyume na watu wengine wote. Foleni ikirefuka, wenye maduka walishika vichwa, bodaboda walitukana, wagonjwa walichelewa kufika hospitali. Yeye alifua kitenge chake kizuri na kupika maharage. Foleni ikifupika, mji ulipumua naye akanuna.

Jumapili moja mchungaji aliwaongoza kuombea jambo hilo. "Ee Bwana, itazame foleni hii. Iondoe, Bwana, barabara ifunguke."

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Nesta alikohoa.

Mzee Zebedayo, aliyesimama benchi la mbele yake, aligeuka nusu. Jumapili iliyofuata alikaa karibu zaidi, makusudi, akamsikia anakohoa tena mahali palepale. Basi habari ikaanza kutembea. Mama Lucky hataki foleni iondoke. Kwa nini? Kuna dereva. Dereva gani? Mzambia, wa lori jekundu. Anamshonea mpaka mapazia ya lori. Habari ilipofika kwa Atupele, katibu wa akina mama, ilikuwa imeshapata pete ya uchumba.

Hawakutaka kumsingizia mtu. Zebedayo na Atupele walikubaliana kwenda kujionea wenyewe, wakafika saa tisa alasiri, somo likiwa limeanza barazani.

"Tumekuja kukusalimia, Mama Lucky," Zebedayo alisema. "Endeleeni tu na shughuli zenu."

Nesta alielewa kilichowaleta kabla hawajaketi. Uso ulimchoma, lakini alikuwa ametumia siku ishirini na mbili kungoja somo lile, hakuwa tayari kulipoteza kwa sababu ya umbea. Akawasogezea benchi. Watson, aliyedhani ni wanafunzi wapya, aliwaamkia kwa heshima na kuendelea.

"C."

Nesta akapiga C.

"G."

Akapiga.

"Awe. Kidole cha tatu kimelala. Fumua. C."

Ilikuwa hivyo dakika ishirini. C, G, awe. C, G, awe. Atupele alianza kuhesabu mabati ya paa. Alipomaliza alihesabu misumari. Nesta alitoka jasho, akapuliza ncha za vidole zilizokuwa nyekundu, akasema, "Ba Watson, leo vimekataa," na Watson akajibu, "Havijakataa, bamayo. Bado havijaambiwa vizuri. C." Dakika ya arobaini Zebedayo, bila kujijua, alikuwa anapigapiga mguu chini, na Nesta alipohama, mzee akasikika akisema, "Kachelewa tena huyu."

"Ee, mukwai!" Watson akasema. "Mzee amesikia!"

Jumatano kwenye kikao cha wazee mchungaji aliuliza kuhusu lile suala. Zebedayo akasimama.

"Mchungaji, nimekaa pale saa nzima," alisema. "Kama yule bwana alikuwa na nia yoyote kwa Mama Lucky, basi nia hiyo imekufa mbele ya macho yangu. Hakuna mapenzi yanayoweza kuishi kwenye zile kelele."

Atupele aliunga mkono. Suala likafungwa.

*

Mwezi wa saba, baridi kali, Nesta akakutana na F.

C na G zilikuwa sasa zinakuja bila kuitwa. Lakini kwenye F kidole cha shahada hulala juu ya nyuzi zote kama mtu aliyelala mlangoni, na vidole vingine vitatu vinajipanga nyuma yake, na ukikosea unywele mmoja gitaa halitoi sauti, linatoa kikohozi. Watson alikuwa ameeleza, ameonyesha, ameondoka. Nesta alijaribu kwa siku kumi. Alijaribu kabla ya chai, alijaribu baada ya chai. Asubuhi moja alikuwa ameegemea uzio, amejikunja kwenye koti, na Zebedayo alipomwuliza mbona amekonda, alijibu bila kufikiri:

"Ni hii kodi ya F, Mzee Zebedayo. Itanitoa roho."

"Kodi gani?"

"Ya F. C na G nimeshazimaliza. Hii ndiyo inanishinda."

Zebedayo aliingia ndani, akavaa viatu, akaenda madukani. Kufikia adhuhuri Chapwa yote ilijua kwamba kuna kodi mpya, inaanzia na mafundi cherehani, na Mama Lucky imeshamdhoofisha. Mwenye duka la nafaka alifunga. Mwenye saluni alifunga nusu mlango. Kinyozi aliingiza bango lake ndani. Saa kumi mwenyekiti wa mtaa alimfuata Nesta mwenyewe, amebeba daftari, nyuma yake kundi la wafanyabiashara kumi na mmoja.

"Mama Lucky, hatujapata barua yoyote," alisema. "Hebu tueleze. Hiyo kodi ya F, aliyekuja kuidai ni nani?"

Nesta alimtazama, akalitazama lile kundi. Aliingia ndani, akatoka na gitaa, akaketi. Akalaza kidole, akapanga vingine, akapiga. Gitaa likakohoa.

"Hiyo," akasema.

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, kisha mwenye saluni, kisha mwenyekiti akaketi kwenye ngazi, daftari usoni. Nesta naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini walipokwisha kuondoka, machozi hayakukoma mara moja, na alijua hayakuwa yote ya kicheko.

Siku mbili baadaye alifanya kosa la kujirekodi. Alipiga wimbo mmoja mzima, F na yote, na alipokuwa akipiga aliona umekaa vizuri, akamtumia Violet kule Vwawa. Jibu lilirudi upesi: "Mama, nadhani simu yako imeingia maji. Nakupigia mchana." Nesta akaisikiliza ile sauti mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akaisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalifunika gitaa kwa kitenge, akalitundika ukutani nyuma ya mlango, akakaa na mashine yake kushona magauni ya kwaya. Wateja walipouliza, alisema ana kazi nyingi. Kichwani alikuwa anapiga hesabu ya umri. Vidole vya miaka hamsini na mitatu ni vya miaka hamsini na mitatu. Yonasi labda hakuwa amekosea sana.

Watson alipokuja tena alipewa chai, maandazi, na stori za hali ya hewa. Gitaa halikuonekana. Alikunywa chai yote, akafuta miwani.

"Bamayo, gitaa liko wapi?"

"Ba Watson, mimi nimezeeka. Nimejisikia kwenye simu. Nilikuwa najidanganya."

Watson akatoa simu yake, akatafuta, akatafuta, akaiweka mezani. Sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya kitu kinachokokotwa juu ya bati, na katikati yake honi ya lori, na mtu akisema, "Wewe baba!"

"Huyo ni nani?" Nesta aliuliza.

"Ni wewe. Mwezi wa tatu. Nilirekodi nimpelekee mke wangu, ajue kwa nini sikulala."

Nesta alisikiliza tena. Hakuweza kuamini kwamba mtu mzima mwenye akili timamu alikaa barazani, mchana, mbele za watu, akitoa sauti ile. "Yesu wangu," alisema. "Na hamkunipiga mawe?"

"Sasa leta hiyo ya kwako ya juzi."

Wakazisikiliza kwa kufuatana, moja halafu nyingine, mara mbili. Ile ya juzi ilikuwa mbaya. Lakini ilikuwa mbaya kama wimbo ulivyo mbaya. Ya kwanza haikuwa wimbo kabisa. Watson alijimiminia chai nyingine mwenyewe, na Nesta akainuka kwenda nyuma ya mlango.

*

Kisha, mwezi wa nane, foleni ikaisha. Hakuna aliyejua vizuri kwa nini. Wengine walisema hivi, wengine vile. Ghafla malori yalikuwa yanapita Chapwa bila kusimama, na trafiki walisimama kando ya barabara kuhakikisha hakuna anayeegesha. Kanisani walitoa shukrani. Nesta aliitikia Amina safari hii, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, lakini aliitikia kwa sauti ndogo.

Watson alimpigia simu akiwa Mlowo. "Bamayo, nakuja, lakini hawataniruhusu kusimama. Toka barabarani. Kaa tayari. C, F, C."

Nesta alitoka na kigoda. Trafiki mmoja alimwuliza anangoja nini, akajibu anangoja mwalimu. Lori jekundu likatokea kwenye kona, likapunguza mwendo kadiri sheria ilivyoruhusu, dirisha wazi, sikio la Watson nje kabisa. Tangu pua ya lori ilipomfikia mpaka mkia ulipompita, Nesta alikuwa na sekunde kumi na moja. Alipiga C, akapiga F, F ikakohoa.

"Kiwiko!" Watson alipiga kelele, tayari anapotea. "Kiwiko ndani, bamayo!"

Kumbe kilikuwa kiwiko. Miezi miwili alikuwa amekilaumu kidole. Alipokisogeza kiwiko karibu na ubavu, kidole kikapata uzito, na nyuzi nne kati ya sita zikaitika. Wiki mbili baadaye lori lilipita likielekea Dar es Salaam, upande wa pili wa barabara, somo likawa la sekunde nane: "Usibane pumzi!" Mwisho wa mwezi likarudi. Safari hii Zebedayo alikuwepo kwenye uzio wake, na Atupele aliyekuwa amefuata mayai, na trafiki aliyesogea kimya kimya ili asikie. Nesta alikaa, akavuta pumzi. C. F. C. Kila uzi uliitika, wote sita, safi kama visahani vinavyopangwa. Lori lilipita na hakuna neno lililotoka dirishani. Nesta akashtuka, akasimama. Mita hamsini mbele mkono ukatoka nje ya dirisha ukabaki umenyooshwa juu, umenyooshwa tu, mpaka lori likamezwa na kona.

"Ile ya katikati ndiyo kodi yenyewe?" trafiki aliuliza.

"Ndiyo yenyewe," Zebedayo alimjibu, kama aliyeipiga yeye.

*

Siku ya sherehe ya mavuno Watson alichukua likizo, akaja kwa basi na mkewe, mama mnene mchangamfu aliyeitwa Bana Chanda. Kwaya ya akina mama ilikuwa imemwomba Nesta apige wimbo mmoja. Sio kwamba walikosa mpigaji. Mpiga kinanda wao alikuwepo. Atupele alisema tu, "Tumeusikia unatengenezwa mwaka mzima. Tuone ulivyotoka."

Kanisa lilijaa mahindi, viazi, mikungu ya ndizi, na mbuzi mmoja aliyefungwa karibu na mimbari. Nesta aliketi mbele, amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili, katikati ya mstari, F ilimkimbia. Akaitafuta, haipo. Mkono wa kushoto ukasimama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Lakini mkono wa kulia uliendelea kupiga, ta-ta-tam, kwenye nyuzi zilizozibwa, kwa kuwa Watson alikuwa amemwambia mkono huo usisimame hata nyumba ikiungua. Akina mama walimwona. Wakapandisha sauti zote kwa pamoja, wakaubeba wimbo wenyewe, na walipofika kwenye kiitikio Nesta aliwakuta pale, na C mkononi, kama mtu aliyedandia gari lililoshaondoka.

Walipomaliza watu walipiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Mbuzi naye alilia. Nje, kwenye sahani za wali, Watson alimsogelea.

"Bamayo, umekosea mara saba."

"Nane," Nesta alisema.

Watson alihesabu upya kwa vidole, midomo ikicheza. "Ya nane sikuisikia."

"Ilikuwa kwenye ubeti wa tatu. Niliificha."

"Ah!" Watson alimgeukia mkewe, uso umefunguka. "Umesikia? Sasa anaficha!"

"Mimi alinifundisha baiskeli," Bana Chanda alimnong'oneza Nesta. "Awe, awe, awe, mpaka nikaiacha porini nikarudi kwa miguu. Wewe mama una moyo."

Kabla ya kupanda basi Watson alimwachia wimbo mpya. Haukuwa wa kodi tu. Huu ulitaka vidole vya mkono wa kulia vichambue uzi mmoja mmoja, gumba likienda kwake na vingine kwao. Aliupiga mara moja pale stendi, abiria wakamzunguka, na Nesta akarekodi kwa simu.

Jumatatu, alipomaliza kushona mikono ya magauni matatu, aliketi barazani akauanza. Ulikuwa mgumu kuliko alivyotegemea. Gumba lilikwenda na vingine vikalifuata, vyote kwa pamoja, kama kondoo. Aliangalia mkono wake kwa muda, akacheka peke yake, akasogeza kigoda mahali penye jua, akarudia nusu ya mstari wa kwanza.